Mwaka wa Mikono Isiyolingana

Tulipomzika Mama Feza sikuweza kukaa. Tulipotoka makaburini, kwenye ukumbi wa kanisa, watu walikuwa wamepakua chakula na kutafuta viti, na mimi nilikuwa nazunguka na sahani mkononi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nilikuwa nimeendesha gari tangu alfajiri kutoka Grand Prairie, karibu na Dallas, ninakoishi siku hizi, hadi Houston, miguu imekufa ganzi, lakini kila nilipovuta kiti nilijikuta nimeinuka tena. Ukutani watoto wake walikuwa wamebandika picha: Mama Feza na kwaya, Mama Feza na cherehani yake ya kwanza, Mama Feza siku ya kula kiapo cha uraia, bendera ndogo mkononi. Katikati ya hizo kulikuwa na picha moja iliyowasimamisha watu. Watu sita wamevaa vitu visivyo na jina: mmoja ana sketi ngumu ya duara kama sinia, mwingine kichwa chake kimeingia ndani ya koni, mwingine mkono mmoja wa nguo yake unafika gotini na wa pili unaishia kwenye kiwiko. Pembeni yao Mama Feza amekunja uso, na pembeni ya Mama Feza kuna msichana mwembamba anayetazama chini. "Hawa ni nani?" kijana mmoja aliuliza. "Halloween hiyo," mwenzake akamjibu. Mama mmoja aliyekuwa anapita na chupa ya maji akasema, "Hapana, bwana, ni mambo ya Wazungu tu." Msichana yule ni mimi. Nilitaka kuwaeleza. Nilifungua mdomo, mwaka mzima wa picha ile ukataka kutoka wote kwa mara moja, nikageuka nikaondoka. Nimerudi nyumbani na bado haujatoka, ndiyo maana ninaandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa. Majira yote ya joto nilikuwa nimefanya kazi kwenye ghala moja la Grand Prairie, kwenye laini iliyosimamiwa na baba yangu mdogo, Elia, ambaye pia nilikuwa naishi kwake. Kazi ile ilinifaa kwa jambo moja: haikunitaka niseme. Unaelekeza skana, inalia, boksi linaondoka, linakuja lingine. Kuna siku nilitoka kazini nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimetoa sauti yoyote, na kwamba hakuna aliyeshangaa. Niliogopa, kwa sababu ilikuwa imenipendeza. Nilijiona nikizeeka pale pale, nimenyamaza, nimeridhika. Kambini, kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka, baada ya darasa la sita ambako shule yangu ilikomea, nilikuwa nimejifunza cherehani kidogo. Nikamwambia mke wa baba mdogo, naye akamwambia baba mdogo, kwamba kuna mama wa kwetu huko Houston ana karakana ya kushona na anatafuta msichana. Baba mdogo akaniita sebuleni. Televisheni ilikuwa imewashwa bila sauti.

"Riziki, mimi si mtu mbaya," alisema. "Nakupa mwaka. Mwaka ukiisha nitakuja mwenyewe kule, nione kwa macho yangu kitu umeshona, kimevaliwa na mtu ambaye si wa kanisa letu. Nikiona ni kazi ya kweli, utabaki. Nikiona ni kukunja mapazia, unapanda gari, unarudi kwenye laini. Tumesikilizana?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Unaambia mimi ao unaambia viatu?"

Nikainua kichwa, nikasema tena ndiyo, nikakiinamisha.

Karakana ya Mama Feza ilikuwa Alief, mtaa wa Houston, kwenye safu ya maduka yenye maegesho mapana mbele, katikati ya duka la vyakula vya kwetu na kanisa lililokodi chumba kilichowahi kuwa duka la simu. Ukuta wa upande wa kanisa ulikuwa mwembamba. Kwaya ikifanya mazoezi, mguu wako ulianza kukanyaga cherehani kwa kufuata wimbo bila wewe kupenda, na Mama Feza angepiga kelele, "Polepole! Hiyo ni suruali, si pambio!" Tulikuwa watatu. Mama Feza mwenyewe, mpole wa sura na mkali wa jicho, aliyekuwa amevalisha nusu ya kambi kabla ya kuja huku. Sifa, mjane wa makamo ambaye nilikuwa nalala kwake, na ambaye maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Na mimi. Mchana meza ya kukatia ilifunikwa karatasi, tukaweka juu yake bugali na sombe, yaani kisamvu, siku nyingine makayabo, samaki wetu wa chumvi, na ole wake aliyedondosha mafuta nje ya karatasi. Walizungumza wao, mimi nilikula. Niliwajua wateja wote kwa kusikia tu: nani anaongeza kiuno na anakataa, nani amemfukuza mume, nani anamtaka mchungaji. Kiyoyozi kilinguruma juu ya mlango, gari zilipita, na mimi sikutulia hata nilipokuwa nimeketi. Kila kazi iliyoingia niliiangalia na kujiuliza kama hii ndiyo baba mdogo atakayoikubali. Zilikuwa sare za kwaya. Zilikuwa suruali za kupunguza, vitenge vya harusi, gauni la ubatizo. Zote za kanisa letu, au la jirani yake.

Palikuwa na desturi moja pale ambayo iliniingia mwilini. Nguo ilipokwisha, Mama Feza aliigeuza ndani nje, akaishika mabegani, akaikunja katikati kwa urefu, upande juu ya upande. Bega lilitakiwa likutane na bega, upindo na upindo, mkono na mkono. Zikikataa kukutana, hata kwa upana wa uzi, alikurudishia bila neno na wewe ulikwenda kutafuta wembe wa kufumulia. Hakuna aliyebishana. Alikuwa na kanuni nyingine iliyotoka kambini, ambako wateja walimletea picha zilizochanwa kwenye magazeti, au walichora gauni kwa kidole mchangani. "Muteja hajuagi kuchora," alituambia. "Anaomba tu. Weye unashona kile alitaka kusema." Niliipenda kanuni hiyo kuliko alivyojua. Mimi pia nilikuwa nasubiri mtu atakayeshona kile nilichotaka kusema.

Njeri aliingia mwezi wa sita, wakati kiyoyozi kilikuwa kimeshindwa na tulikuwa tumefungua mlango. Mama yake, nesi Mkenya aliyeishi Katy, nje kidogo ya Houston, alikuwa mteja wa Mama Feza wa siku nyingi. Njeri alikuwa rika langu, anasomea mambo ya jukwaa chuo kikuu, na alizungumza kwa mikono yote miwili. "Auntie, niko na kazi, lakini ni weird kidogo. Usinifukuze." Akatandaza michoro sita juu ya meza. Akaeleza kwamba miaka kama mia iliyopita, huko Ulaya, wasanii walichoka kuchora watu kama wanavyoonekana. Mitambo ilikuwa imekuja, miji imefura, vita kubwa imesaga watu kama nafaka, na wao bado wanatakiwa wachore bakuli la matunda? Wengine wakavunja uso wa mtu vipandevipande. Wengine wakabandika magazeti na tiketi za treni juu ya picha. Mmoja alichora mraba tu, akaweka brashi chini. Na wengine walishona mavazi ya wachezaji ili mtu jukwaani asiwe mtu, awe duara, awe koni, awe mashine. Profesa wake alitaka wanafunzi watengeneze onyesho lao wenyewe kwa roho ile, na kazi ya mavazi ilikuwa imempata yeye.

Sifa aliinama juu ya meza, akageuza mchoro mmoja huku na huku. "Mama yangu! Huyu mwenye kuchora alikuwa na malaria?"

"Huyo mwenye kuchora ni mimi," Njeri alisema.

Sifa akamshika bega. "Pole, mutoto. Inaponaga."

Njeri alicheka mpaka akakaa chini, lakini Mama Feza hakucheka. Nilimwona anamtazama yule msichana kwa huruma, na nadhani kosa letu lilianzia hapo, kwenye huruma. Njeri alipoondoka, Mama Feza aliweka futi juu ya mchoro wa kwanza. Mkono wa kulia mrefu, wa kushoto mfupi. Wa pili, bega moja limepanda hadi sikioni na lingine limeporomoka. Wa tatu, nusu ya upindo imeliwa. "Anajitahidi," alisema. "Hakufundishwa kuchora, lakini anajitahidi. Tusimwaibishe mbele ya profesa wake." Tukapima mkono wa kulia, tukakata wa kushoto sawa na huo. Tukanyoosha mabega. Tukajaza upindo. Tulitia waya kwenye sketi ya duara, tulikanda gundi na kitambaa kutengeneza koni, na ndani ya kila kitu Mama Feza alitia bitana ya hariri ambayo hakuna mtu angeiona. Wiki zile nilikuwa karibu na furaha. Hizi zingevaliwa na watu wasio wa kanisa letu, jukwaani, mbele ya chuo kizima, na mwaka wangu ulikuwa unakwisha wiki ile ile ya onyesho. Nilimpigia baba mdogo simu nikamwambia aje. "Nitakuja," alisema. "Na suti." Siku ya mwisho tulizigeuza nguo zote sita na kuzikunja katikati, na zote zilikutana.

Siku ya kujaribisha tulizipeleka chuoni, chumba kirefu chenye kioo ukuta mzima na sakafu ya mbao. Profesa alikuwa mama mzee wa Kizungu, mwembamba, amevaa nyeusi tupu. Wachezaji sita walivaa, wakaanza kutembea. Mpaka leo naweza kuwaona kwenye kile kioo. Walikuwa wazuri. Walikuja na kurudi kama kwaya inayoingia Jumapili, kila kitu kimetulia mahali pake. Profesa alishika bitana kwa vidole viwili, akatuambia kwa Kiingereza kwamba ni nzuri, ni nzuri sana, akatushukuru, na akamvuta Njeri pembeni. Mimi sikuwa najua Kiingereza kingi, lakini nilikuwa nimekaa miaka mingi bila kusema, na mtu asiyesema husoma migongo. Mgongo wa Njeri ulishuka.

Alitufuata hadi kwenye gari. "Auntie, sijui nisemeje. Si ati ni mbaya. Ni nzuri. Problem ni kwamba ni nzuri."

"Kuwa nzuri njo shida?" Mama Feza aliuliza.

"Zimelingana. Huku na huku, kila kitu. Nilizichora zikiwa hazilingani, Auntie. Nilitaka hivyo."

"Ulitaka?"

"Nilitaka." Njeri alikuwa anakaribia kulia. "Kuna watu Dallas wanakodisha costumes. Prof amesema atawapigia wiki ijayo kama hatuwezi ku-fix."

Mama Feza aliwasha gari. Tulikwenda njia nzima akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na tulipoegesha mbele ya karakana alisema maneno manne tu, akiangalia mbele: "Mimi sifumui kazi nzuri."

Jumamosi Njeri alikuja kunichukua. Sijui kwa nini alinichagua mimi; labda kwa sababu Mama Feza alikuwa amekataa kuja na Sifa angecheka. Alinipeleka jumba la makumbusho mjini, kwenye chumba cha picha za miaka ile. Kilikuwa cheupe na baridi, na mlinzi alisimama mlangoni mikono nyuma. Niliingia na kutaka kutoka. Macho yangu hayakupata pa kukaa: hapa gazeti limebandikwa juu ya chupa, kule mistari inakimbia, pale mraba umeinama kama unaanguka na hauanguki. Nilizunguka chumba mara mbili. Kisha nikafika kwenye picha ya mwanamke aliyeketi, rangi ya udongo na majivu, uso wake unatazama mbele na pembeni kwa wakati mmoja, bega moja huku, mkono kule mbali na bega lake, na mgongo, ambao hukupaswa kuuona, umelala kando ya kifua. Njeri akaniuliza ninaona nini.

"Hajashonwa bado," nikasema.

"Ati?"

Ikabidi nieleze. Nilimwambia kwamba unapokata gauni, kabla ya kushona, unaweka vipande vyote mezani. Mbele iko hapa, mgongo uko kando yake, mkono uko kule. Unamwona mtu mzima, pande zote, kwa mara moja. Ukishashona, unamwona upande mmoja tu, ule unaokutazama. Huyu aliyechora alimwacha mezani. Njeri alitikisa kichwa, akasema si hivyo kabisa, kwamba kuna mambo ya mwanga na mambo ya muda ambayo hata yeye bado anayasoma. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Lakini angalia miguu yako." Nikaangalia. Nilikuwa nimesogea hatua huku, hatua huku, nikijaribu kumpata yule mwanamke vizuri. "Hiyo ndiyo walitaka," alisema. "Usitulie. Picha ikikuacha utulie, imeshindwa." Maisha yangu yote watu walikuwa wameniambia nitulie. Nilitazama ile picha tena, na nikaelewa kwa mwili, kabla ya kichwa, kilichokuwa kimekosekana kwenye kile kioo cha chuoni. Nusu ikilingana na nusu, jicho huona moja na kujua ya pili. Linapumzika. Linakwenda zake.

Mchana tulikula kwao Katy, nyumba mpya ya matofali yenye sebule kubwa ambayo hakuna aliyeikalia. Mama yake alikuwa ametoka zamu, bado amevaa nguo za hospitali, anageuza chapati. "Wewe ndiye fundi?" aliniuliza. "Karibu, kula. Huyu wangu nilimleta Amerika asomee nursing. Sasa ananiambia ati anashona koni." "Sio mimi nashona, Mum, ni wao." "Aa! Afadhali wao, wana kazi." Njeri akageuza macho juu. Mama yake akamwekea chapati ya pili bila kuulizwa. Niliwatazama na nikamfikiria baba mdogo na suti yake. Kwa maana nilikuwa tayari nimeona mbele. Tukiacha nguo zilivyo, zinarudi kwenye mifuko, hakuna anayezivaa, na mimi narudi kwenye laini. Tukizifumua, zitavaliwa, na baba mdogo, aliyeahidi kuona kwa macho yake, atakaa kwenye kiti na kuona kwamba kwa mwaka mzima sijajua hata kulinganisha mikono ya nguo. Chapati ilikuwa nzuri na sikuweza kuimaliza.

Jumatatu nilisubiri hadi sahani zimeondolewa. Kwaya ya upande wa pili ilikuwa inarudia mstari mmoja, sauti ya tatu inakosea pale pale. Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama.

"Una mududu?" Sifa aliniuliza.

"Mama," nikasema, "tufumue."

Mama Feza aliweka miwani yake mezani. "Nani?"

"Sisi. Tufumue mikono ya kushoto. Na mabega. Tushone kama alivyochora."

"Riziki. Mwaka mzima sijasikia neno lako likifika mlangoni, na leo unaniambia niharibu kazi yangu."

"Si kuharibu."

"Ni nini?"

Nilichukua ile nguo ya mkono mrefu, nikaivaa juu ya fulana yangu, nikakunja mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko, nikaubana kwa pini, nikaanza kutembea kati ya cherehani. Mkono mmoja ulining'inia hadi gotini, mwingine ukakosa pa kwenda, na ilibidi bega langu linyanyuke ili nisiangukie upande. Nilizunguka meza. Sikuwa nimewahi kujiweka mbele ya watu namna ile. Sifa alianza kucheka, kisha akaacha, na nikaona kichwa chake kinanifuata, kila nilipokwenda kinanifuata.

Mama Feza hakuwa anaangalia nguo. Alikuwa ananiangalia mimi. "Mimi najua nani anakuja," alisema taratibu. "Baba yako mudogo atakaa pale mbele. Ataona mukono huu, ataona huu. Unajua atasema nini?"

"Najua."

"Na bado?"

"Na bado, mama."

Alivuta droo, akatoa wembe, akausukuma juu ya meza hadi ukanifikia. "Bon. Fanya weye. Mimi mikono yangu hii haiwezi." Akaenda nyuma kuosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa. Nilifumua. Uzi wake ulikuwa mdogo na imara, kila mshono uling'ang'ania, na niliona aibu kama mtu anayefungua barua ya mwingine. Nilikata mkono wa kushoto ukaishia juu kidogo ya kiwiko, nikapinda, nikapiga pasi. Mama Feza alirudi, mikono inadondosha maji, akauchukua, akautazama muda mrefu.

"Hii imepinda kwa woga," alisema. "Kama unapinda, pinda. Mutu akiona hivi atasema fundi alikosea. Pandisha hapa, kata kwa mwelekeo, iende kama kisu. Leta mkasi." Akakata. Nilimwona akikata kitu kisicholingana kwa mkono ule ule uliolinganisha nguo za nusu ya kambi, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama wa mtoto. Mpaka Ijumaa nguo zote sita zilikuwa tayari. Hakuzikunja katikati. Alizitundika, akazipa mgongo, akasema twende nyumbani.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Watu wetu walikuja na nguo za kanisani, vitenge vimepigwa pasi, wakakaa safu mbili za mbele katikati ya wanafunzi wenye kaptula. Baba mdogo alikuja na suti ya bluu. Aliniambia kwamba, kwa vile ni njiani, alikuwa amepita kwa Sifa na kuchukua sanduku langu, liko kwenye gari. Alilisema kama anavyosema mtu aliyekununulia maji. Mwaka ulikuwa umekwisha, na yeye alikuwa amejiandaa kwa majibu yote mawili, lakini moja tayari lilikuwa limeshapewa sanduku. Taa zilizimika. Palikuwa na ngoma moja na mtu anayegonga bati, hakuna wimbo. Koni ikaingia ikizunguka. Sketi ya sinia ikaja ikiyumba. Kisha akaja yule wa mikono isiyolingana, na mkono mrefu ukarushwa, ukafagia hewa, ukarudi umechelewa, wakati mwili umeshakwenda upande mwingine, na nilisikia viti vikilia kwenye ukumbi mzima kwa sababu watu walikuwa wanasogea. "Yesu!" Sifa alisema kwa sauti. Mama Feza alikuwa ameshika mkoba wake kifuani. Mimi sikuangalia jukwaa sana. Nilimwangalia baba mdogo. Alikunja mguu, akaukunjua. Aliinama mbele, akaegemea nyuma. Mwisho alipiga makofi kwa adabu, akasimama, akamwambia Mama Feza, "Mama, asante sana kwa kututunzia mutoto," na nikajua kwamba ninarudi kwenye laini.

Mama Feza alinitazama. Tulipiga ile picha mlangoni pamoja na wachezaji, Njeri akanikumbatia, nikaingia kwenye gari.

Mvua ilikuwa imeanza. Baba mdogo hakwenda upande wa Alief. Alichukua barabara kuu ya kaskazini, akaweka gari kwenye njia ya katikati. "Riziki," alisema baada ya muda, kwa upole, na upole wake ulinikata zaidi, "si mbaya. Umejaribu. Wengine wana mikono ya cherehani, wengine hawana. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, mbele ya watu wote wale. Hata mama wa watu sijui alikubalije. Jumatatu utaanza taratibu."

Mabango ya njia za kutokea yalikuwa yanapita, kijani, moja baada ya lingine. Niliyahesabu kimoyomoyo, nikaacha.

"Baba mdogo, geuza."

Alidhani nimesahau kitu. "Nini?"

"Geuza gari. Nabaki."

"Riziki, tumeshaongea."

"Uliongea," nikasema, na sauti iliyotoka ilijaa gari lote, ikanishtua mimi mwenyewe. "Ule mkono nilikata mimi. Ulikuwa umelingana, nikaufumua. Nilijua utakuja, nilijua utauona, na nikaufumua."

Vifuta-mvua vilikwenda na kurudi. Alinitupia jicho, akarudisha macho barabarani, akanitupia tena. "Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

"Unajua kushona sawa, na ukaamua kushona vile?"

"Ndiyo."

"Mimi pale sikuelewa kitu. Kitu chochote. Weye ulielewa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa ndiyo njia rahisi. "Kidogo," nikasema.

"Kidogo!" Alipiga usukani kwa kiganja. "Mwaka muzima, nyumba ya mutu, mafuta ya gari, suti, halafu kidogo!" Nilingoja hasira yake. Badala yake nikasikia kitu kinachokwaruza kooni mwake, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. Alicheka peke yake, akitikisa kichwa, akifuta jicho kwa mkono wa suti, na bila kuacha kucheka akawasha taa ya kulia, akavuka njia moja, akavuka ya pili, akatoka barabara kuu ili ageuze.